Mvumilivu wa xz: namna ya kupima ruhusa zinazotolewa kwa imani

Wengi wakisimulia mkasa wa xz huanzia kwa Andres Freund, na wana kila sababu. Tarehe 29 Machi 2024, mhandisi huyu wa hifadhidata ya PostgreSQL, mwajiriwa wa Microsoft, alitangaza kwamba ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo katika karibu kila mfumo endeshi wa Linux, mna mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kumwingiza asiye na ruhusa. Alichokiona kwanza ni kitu ambacho wengi wetu tungekipuuza: jaribio la kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali, lililokuwa likichukua sekunde 0.299 sasa lilichukua sekunde 0.807. Akaifuata nusu sekunde hiyo mpaka kwenye mzizi wake. Matoleo yenye sumu yakakamatwa yakiwa bado yako kwenye aina za Linux kama Debian ya majaribio, Fedora ya majaribio, openSUSE Tumbleweed na nyingine chache za watu wanaopenda mambo mapya, kabla hayajafika kwenye seva za maofisini, mabenki na hospitali.

Mimi husimulia nikianzia Julai 2023. Mwezi huo, akaunti iliyojiita Jia Tan iliiomba OSS-Fuzz, huduma ya Google inayozijaribu programu huria usiku na mchana kwa kuzirushia data za kila namna mpaka zikosee, izime kipengele kimoja kiitwacho ifunc kila inapoijenga xz. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kiufundi na yenye kueleweka. Ombi likakubaliwa. Februari iliyofuata mlango wa nyuma ulipitia kwenye kipengele hicho hicho.

Kazi yangu ni kujaribu mifumo ya ruhusa: nani anaweza kusoma nini, nani abadilishe, nani afute, katika mazingira ambamo watu wengi wanashiriki kompyuta moja au mradi mmoja. Ndiyo maana ombi lile la Julai huninyima raha kuliko sehemu nyingine yoyote ya kisa hiki. Anayejaribiwa alimwomba anayejaribu afumbe jicho moja, na jicho likafumbwa kwa sababu mwombaji alikuwa na jina zuri. Hapakuwa na nenosiri lililoibwa wala ukuta uliobomolewa. Kila ruhusa aliyoitumia alipewa na wenye haki ya kuitoa.

Tuirudie safari yake, maana undani wake ndio unaofundisha. Akaunti ilifunguliwa GitHub, tovuti ambako watu hutunza msimbo wa programu kwa pamoja, mwaka 2021, na Oktoba mwaka huo ikaleta kwa xz badiliko lake la kwanza: faili dogo la mipangilio ya uandishi wa msimbo, lisilo na madhara yoyote. Mabadiliko mengine yakafuata, mengi yakiwa mazuri kweli kweli. Lasse Collin, Mfini aliyekuwa akiitunza xz kwa muda wake wa ziada na bila malipo, alikuwa peke yake. Mwaka 2022 wakajitokeza watu wakijiita Jigar Kumar na Dennis Ens, wakilalamika kwamba kazi inakwenda polepole na kwamba mradi unahitaji mtunzaji mwingine. Juni mwaka huo Collin aliwajibu kwa upole kwamba afya yake ya akili imemsumbua kwa muda mrefu na kwamba hii ni kazi ya kujitolea. Kufikia mwanzoni mwa 2023 Jia Tan alikuwa anatoa matoleo ya xz yeye mwenyewe. Toleo 5.6.0, la kwanza lenye sumu, lilitoka tarehe 24 Februari 2024. Toleo 5.6.1 likafuata tarehe 9 Machi.

Sasa tazama sumu yenyewe ilifichwa wapi. Ilikuwa ndani ya mafaili ya majaribio. Programu ya kubana data inahitaji mafaili yaliyoharibika kwa makusudi ili ijulikane kama itayakataa inavyopaswa, na hakuna binadamu anayeweza kuyasoma mafaili hayo kwa macho. Moja liliitwa bad-3-corrupt_lzma2.xz; nani angeshangaa kuona takataka ndani ya faili lenye jina la takataka? Maandishi ya kuiamsha sumu hiyo wakati wa kujenga programu hayakuwekwa kwenye hifadhi ya msimbo ambayo umma unaiona, yaliwekwa kwenye kifurushi cha toleo peke yake. Na tarehe 26 Februari akaongeza nukta moja, nukta tu, kwenye kipande cha msimbo kinachopima kama mfumo una Landlock, kinga ya Linux inayoifungia programu ndani ya mipaka yake. Kwa nukta ile kipande hakiwezi kujengeka, jibu la kipimo linakuwa kwamba Landlock haipo, na kinga inazimika bila mtu kuambiwa lolote.

Hesabu: huduma ya majaribio iliyoombwa ifumbe jicho, mafaili ya majaribio yaliyobeba sumu, kipimo cha kinga kilichopotoshwa. Mara tatu mtu huyu alijificha ndani ya upimaji wenyewe. Alijua kwamba sisi tunaopima ndio watu wasiopimwa.

Nieleze kwa ufupi aina hii ya mifumo. Katika mfumo wa kawaida wa ruhusa kuna orodha: mhasibu anaona hiki, karani anaona kile, meneja anaona vyote. Hiyo inatosha pale watu wanapojulikana kwa sura na mikataba ya kazi. Katika mradi huria, kamusi elezo ya pamoja au seva inayotumiwa na watafiti wa nchi tano, watu hawajulikani, wanakuja na kuondoka, na hakuna ofisi ya utumishi. Basi ruhusa inafuata mwenendo. Stephen Marsh alijaribu kuiandika imani kama hesabu ya kompyuta katika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1994, na mwaka 1996 Matt Blaze, Joan Feigenbaum na Jack Lacy wakaipa fani nzima mwelekeo kwa mfumo ambamo swali si tena "huyu ni nani?" bali "vithibitisho alivyoleta vinatosha kwa jambo analoliomba?" Leo tunaishi ndani ya mawazo hayo bila kuyajua. Katika Wikipedia ya Kiingereza akaunti yenye siku 4 na uhariri 10 hufunguliwa milango ambayo mgeni hana. Yenye siku 30 na uhariri 500 hufunguliwa mingine zaidi.

Mifumo ya namna hii huletwa kwangu ikiwa na majaribio yake tayari, na majaribio hayo yanafanana mno. Mtu mwenye alama za kutosha anaingia? Ndiyo. Asiye nazo anazuiwa? Ndiyo. Alama zikishuka mlango unafungwa? Ndiyo. Vyote kijani, kazi imekwisha. Tatizo langu na majaribio haya ni kwamba yote yanapima dakika moja. Yanampiga picha mtu akiwa amesimama mlangoni. Lakini imani ni jambo la muda: inajengwa, inaazimwa, inatumiwa, inavunjwa, inarudishwa. Ukitaka kuijua inabidi umpe mtu wako wa kubuni maisha mazima ndani ya mfumo, tangu siku ya kwanza hadi siku ya usaliti, na uone nini kinatokea siku inayofuata.

Chukua hesabu inayotumika sana, ile ya Audun Jøsang na Roslan Ismail ya mwaka 2002. Kwa umbo lake rahisi, unahesabu matendo mema ya mtu, unaongeza moja, kisha unagawanya kwa jumla ya matendo yake yote, mema na mabaya, ukiongeza mbili. Mgeni asiye na historia anapata nusu. Weka mlango wako kwenye 0.9. Mgeni akitenda mema 8 bila doa, anapata 9 kwa 10, yaani 0.9 kamili, na mlango unafunguka. Hadi hapo kila kitu kinapendeza.

Sasa mlete mkongwe mwenye matendo mema 200, kisha abadilike. Tendo baya la kwanza linamshusha hadi 201 kwa 203, ambayo ni 0.99. Mfumo haujashtuka. La pili, la tatu, la kumi, bado yumo. Kaa uhesabu mwenyewe: baada ya matendo mabaya 21 ana 201 kwa 223, ambayo bado imepita 0.9 kwa kiasi kidogo. Ni tendo la 22 ndilo linalomtoa nje. Kwa maneno mengine, wema wake wa zamani umemnunulia matendo 21 ya uharibifu, tena akiwa na ufunguo mkononi wakati wote huo. Hakuna hitilafu yoyote katika hesabu. Inafanya kile ilichoandikiwa. Mpaka hapo hata jaribio moja la mlangoni halijageuka jekundu.

Aliyewahi kucheza upatu atamtambua mtu huyu mara moja. Ni yule anayetoa mchango wake mapema kila wiki, anayewakumbusha wenzake, ambaye hata kijumbe humtolea mfano. Siku zamu yake ya kupokea inapofika anachukua fungu lote, na michango yake inakomea hapo. Wiki zote zile za uaminifu hazikuwa kinyume cha wizi wake. Zilikuwa ni gharama za wizi wenyewe.

Dawa inayopendekezwa haraka ni kusahau: kila tendo jipya linapokuja, ya zamani yapunguzwe uzito kidogo, tuseme yabaki na asilimia 98 ya uzito wake. Nimeona wasanifu wakiiweka dawa hii na kwenda kulala. Basi tuipime. Kwa kiwango hicho mkongwe hawezi kurundika zaidi ya uzito wa matendo 50, hata akitenda mema miaka kumi. Akianza kuharibu, tendo baya la tano linamtoa nje. Kutoka 22 hadi 5 ni hatua kubwa, na mtu angeweza kuridhika. Lakini endelea na maisha yake baada ya kutolewa. Akifanya matendo mema 7 tu, hata ya kusahihisha tahajia, uovu wake nao umeshaanza kusahauliwa na anarudi juu ya 0.9. Mfumo unaosahau wema haraka husahau ubaya kwa haraka hiyo hiyo, isipokuwa aliyeuandika ameamua vinginevyo. Jaribio linaloishia siku ya kufukuzwa haliwezi kukuonyesha hilo. Ni lazima liendelee hadi siku ya kurudi.

Na bado hatujafika kwenye jambo zito. Mtu wa xz hakuhitaji matendo 22 wala 5. Alihitaji moja. Hesabu zote nilizozitaja zinayachukulia matendo kama punje zinazolingana, na hapo ndipo zinapoachana na maisha. Kurekebisha tahajia na kutoa toleo jipya linalokwenda kwenye mamilioni ya kompyuta vyote vinaandikwa "tendo jema moja". Kwa hiyo katika kila mfumo ninaoujaribu naomba orodha ya matendo ambayo moja lake likiwa ovu hakuna alama zinazoweza kulilipa. Orodha hiyo huwa fupi: kutoa toleo, kubadilisha nani mwingine ana ruhusa, kufuta historia, kuzima jaribio. Kisha nauliza swali moja: je, alama peke yake zinafungua tendo lolote kati ya haya? Zikifungua, mfumo umeanguka kwangu, hata kama majaribio mengine elfu yamepita. Matendo ya namna hii yanataka watu wawili, na wa pili asiwe amependekezwa na wa kwanza.

Sharti hilo la mwisho lina kisa chake. Mwaka 2002 John Douceur wa Microsoft Research alieleza tatizo ambalo tangu hapo limebaki na jina la Sybil: pasipo mamlaka ya kuthibitisha utambulisho, mtu mmoja anaweza kujifanya umati. Mwaka uliofuata watafiti wa Stanford wakaleta EigenTrust, ambamo imani ya kila mmoja inakokotolewa kutokana na imani za wote waliomwamini, na kauli ya anayeaminiwa sana inabeba uzito zaidi. Ni kazi nzuri sana. Lakini wao wenyewe walilazimika kuanza na wachache walioaminiwa tangu mwanzo, kwa kuwa bila nanga hiyo kundi la waovu wanaosifiana linaweza kupandishana hadi kileleni. Ukirudi kwa xz utaona Jigar Kumar na Dennis Ens hawakumsifu mtu ili mashine imwongezee alama. Walimchosha binadamu mmoja. Umati wa kubuni ulielekezwa kwa anayegawa ruhusa, na hakuna hesabu iliyokuwa ikimtazama yeye.

Kundi halihitaji hata kuwa la kubuni. Wikipedia ya Kikroatia ilikaa karibu muongo mzima mikononi mwa wakabidhi, yaani wasimamizi wenye ruhusa kubwa, wachache wenye mwelekeo mmoja wa kisiasa, waliowafungia wapinzani wao na kuipotosha historia, ile ya Vita vya Pili vya Dunia ikiwemo. Mwaka 2021 Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia, ilichapisha tathmini yake kuhusu jambo hilo. Ruhusa zao zilitoka ndani ya jumuiya yenyewe. Wakiungwa mkono na wenzao, walibaki nazo miaka yote hiyo.

Na kuna kisa cha Kiskoti, lugha ya Uskoti iliyo karibu na Kiingereza, kinachonigusa kwa sababu ya lugha yetu. Agosti 2020 iligundulika kwamba makala zaidi ya 20,000 za Wikipedia ya Kiskoti, sehemu kubwa ya kamusi nzima, zilikuwa zimeandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Alikuwa akichukua Kiingereza na kukipaka matamshi. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Aliipenda kazi, akaifanya kwa bidii ya miaka, akapewa ukabidhi. Mfumo ulipima wingi na subira. Haukuwa na njia ya kupima kama anachokiandika ni Kiskoti, maana waliojua kusoma hawakuwa wakitazama. Sisi wa Kiswahili tuna Wikipedia yetu tangu 2003, nayo wazungumzaji wake ni wengi mno kuliko wa Kiskoti, lakini wanaohariri kila siku ni wachache. Ruhusa inayotolewa kwa kuhesabu uhariri, katika lugha yenye wasomaji wengi na wakaguzi wachache, inampa kiti yeyote mwenye muda. Natamani wapenzi wa Kiswahili walione hili kuwa jambo la usalama, si la sarufi peke yake. Makala za namna hiyo hutumika kufundishia mashine za lugha, na kosa la mtu mmoja mwenye bidii linaweza kuwa Kiswahili cha mashine nzima.

Utaniuliza: basi mbona tusiwajaribu watu wenyewe? Tuwapelekee hila, tuone kama watashtuka. Hilo lilijaribiwa, na ninalikataa. Mwaka 2020 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliwatumia watunzaji wa kiini cha Linux mabadiliko yenye kasoro za makusudi, bila kuwaambia, ili kupima kama zitapita. Mambo yalilipuka Aprili 2021. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watunzaji wakuu, alitangaza kwamba michango ya chuo hicho haitapokelewa, na jopo la wajitolea likalazimika kuyapitia upya mabadiliko 435 yaliyowahi kutoka kwa watu wa chuo hicho. Mengi yalionekana kuwa sahihi. Watafiti waliomba radhi na kuiondoa karatasi yao kwenye mkutano uliokuwa umeikubali.

Nakubali kwamba swali lao lilikuwa la maana. Xz ilikuja kulijibu miaka mitatu baadaye kwa ukali zaidi. Ila waliolijibu kwa ajili yao ni watu waliokuwa wakifanya kazi yao kwa moyo mweupe, na saa walizopoteza hazikuwa za watafiti kuzitumia. Kuna njia ya heshima. Unazungumza na viongozi wa mradi kwanza. Mtu mmoja mwenye mamlaka ndani ya mradi anajua na ana uwezo wa kusimamisha kila kitu kabla hakijafika kwa watumiaji. Wanaopokea mabadiliko wanaambiwa mapema kwamba ndani ya miezi fulani kutakuwa na majaribio, bila kutajiwa siku. Watu wakishakubali, umakini wao utaongezeka, na kuna watakaosema kwamba matokeo yamechafuka kwa sababu hiyo. Mimi nasema umakini ulioongezeka ni faida. Nami nabaki na watu wanaonipokea nikirudi.

Kwa sehemu kubwa, hata hivyo, hatuhitaji kuwagusa watu. Ninachofanya ni kujenga nakala ya mfumo, kuijaza wahusika wa kubuni wenye tabia zao, na kuiacha saa ya bandia ikimbie. Kuna mgeni mwema anayetaka tu kusaidia. Huyu nampa nafasi ya kwanza, kwa kuwa mfumo unaomkataa yeye hauna faida hata ukimkataa mwizi. Kuna mvumilivu anayesubiri mwaka. Kuna kundi la sauti tano zenye mkono mmoja. Kuna mkongwe ambaye akaunti yake imeibwa, mwenendo wake ukabadilika usiku mmoja. Kuna aliyefukuzwa na kurudi kwa jina jipya, naye ananifundisha jambo moja kila mara: pale ambapo kuanza upya ni bure, hakuna adhabu inayouma.

Sehemu inayosahauliwa kuliko zote ni kunyang'anya. Mifumo mingi inajua kutoa, na kuchukua inajua kwa nusu. Unamwondoa mtu kwenye orodha, lakini funguo za SSH alizoziweka bado zinafanya kazi, watu aliowapandisha bado wako juu, kazi zinazojiendesha zenyewe kwa jina lake bado zinaendelea kila usiku, na mafaili aliyoyaidhinisha hakuna aliyeyafungua tena. Jaribio langu la kunyang'anya linamwacha muovu akae na ruhusa kwa muda, azae vifaranga wake, ndipo namfukuza. Baadaye napitia kila pembe nikitafuta kilichobaki chenye alama ya mkono wake. Minnesota iliwagharimu watu wa Linux mabadiliko 435 ya kupitia upya. Wikipedia ya Kiskoti makala 20,000. Mfumo usioweza kukujibu kwa dakika chache "nionyeshe yote yaliyopita kwa idhini ya huyu" umeiahirisha gharama hiyo tu, na italipwa na mtu aliyechoka.

Kunyang'anya kuna upande wa pili. Muda mfupi baada ya mlango wa nyuma kutangazwa, GitHub iliifunga hifadhi ya xz, na akaunti zilizosimamishwa hazikuwa ya Jia Tan pekee. Ya Lasse Collin pia ilisimamishwa. Naelewa kwa nini. Saa zile hakuna aliyeweza kujua nani ni nani. Lakini mtu pekee aliyeifahamu xz kwa miaka mingi, na aliyehitajika kuliko wote kuisafisha, alifungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe kwa kosa la aliyemdanganya. Akaunti yake ilirudishwa baadaye, naye tarehe 29 Mei 2024 akatoa toleo 5.6.2, ambamo mlango wa nyuma umeondolewa. Tangu hapo nimeongeza mhusika mmoja katika majaribio yangu: asiye na hatia aliyesimama karibu na mwenye hatia. Napima inachukua muda gani kumrudisha, nani ana uwezo wa kumrudisha, na kama kazi inaweza kuendelea hata akiwa nje.

Aprili 2024, OpenSSF na OpenJS Foundation, mashirika mawili ya programu huria, yalitoa tahadhari kwamba kulikuwa na watu wengine waliokuwa wakijaribu kuingia kwenye miradi kwa mtindo unaofanana: barua za kusisitiza, madai ya dharura, ombi la kupewa utunzaji bila kazi kubwa iliyotangulia. Kabla ya hapo, mwaka 2018, kifurushi cha event-stream cha JavaScript kilikabidhiwa mgeni aliyeomba kwa adabu, kwa vile mtunzaji wake Dominic Tarr alikuwa hakitumii tena. Mgeni akapenyeza msimbo uliolenga pochi za bitcoin za programu ya Copay. Visa vyote viwili, cha 2018 na cha xz, vinaanza na binadamu mmoja anayebeba mzigo bila msaada, kisha anakuja mtu na kusema: nipe mimi.

Kwa hiyo kipimo ninachokishughulikia sasa hakimhusu kabisa anayeomba ruhusa. Kinamhusu anayeitoa. Katika nakala yangu ya mfumo namwongezea mtoa ruhusa maombi, kumi, hamsini, mia kwa siku, huku wasaidizi wake wakipungua, na ninaangalia mfumo unafanya nini. Je, unapunguza kasi ya kutoa ruhusa kubwa pale anayezitoa anapokuwa peke yake? Unaweza kumwambia mlalamikaji kwa sauti ya mfumo, si ya mtu, kwamba maombi ya utunzaji hayapokelewi mwezi huu? Unampa mchovu njia ya kusema "sitaki kuamua leo" bila mradi kusimama? Mfumo niliokuwa nao mezani wiki iliyopita ulishindwa katika swali la kwanza: kadiri foleni ilivyokuwa ndefu, ndivyo kitufe cha kuidhinisha vyote kwa mkupuo kilivyosogezwa juu ya ukurasa. Nimewaandikia wasanifu wakiondoe, na nimeambatanisha historia ya xz kuanzia Oktoba 2021.